Kupiga Moyo Konde

Fundi makochi alikuwa na kifua, na kifua chake kilimpatia jina. Wateja walimwita Filimbi. Hawakumwita hivyo kwa ubaya, ila ukisimama mlangoni mwa karakana yake ulimsikia kabla hujamwona: kisauti chembamba kilichomtoka kila aliposhusha pumzi. Miaka mingi ya kupiga msasa mbao, kunusa gundi na kuvuta sigara ilikuwa imempa mshahara wake, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Sigara aliacha. Msasa hakuacha, maana kochi halijitengenezi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na vitambaa vya makochi hayo vilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mteja. Cherehani yake ilikaa chumba cha pili, mlango wa katikati ukiwa wazi kutwa nzima. Mwanamke huyu hakujua kutulia. Hata akikaa, miguu yake ilikuwa safarini kwenye pedeli, na akimaliza kushona ataokota vipande, atafagia, atachungulia dirishani, atarudi kufagia palepale. Mumewe alimtania kwamba alidhani ameoa mke, kumbe kaoa kuku anayetafuta pa kutagia. Naye alimjibu kwamba afadhali kuku, kuliko jogoo anayewika kwa pua.

Kitu kimoja tu kwake kilikuwa kimetulia, nacho ni sikio. Katikati ya kelele za cherehani aliijua filimbi ya mumewe kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kulikuwa na filimbi ndogo ya asubuhi, na kulikuwa na ile ya vumbi, iliyokwaruza. Na kulikuwa na ile kubwa ya siku ya kubanwa, ambayo hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara aliisikia akaja kuuliza kama kuna haja ya gari.

Sasa, mtu aliyebanwa hawezi kusema na kupumua kwa wakati mmoja. Achague. Kwa hiyo nyumba hii ilikuwa na lugha yake ya mikono. Kiganja wazi, ngoja. Kidole juu, fungua dirisha. Ngumi kifuani, lete pampu ya kuvuta dawa. Mara ya kwanza fundi alipoweka ngumi kifuani, miaka mingi nyuma, mkewe alimuuliza anafanya nini, naye akajibu kwa pumzi iliyokatikakatika, "Napiga moyo konde, mama watoto." Walicheka mpaka akabanwa zaidi. Tangu siku hiyo ile pampu ya dawa ikaitwa konde. Konde liko wapi? Umebeba konde? Konde limekwisha, pitia dukani. Watoto walilijua neno hilo kabla hawajajua kusoma, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakaondoka nalo.

Utani ni mzuri. Lakini utani ukikaa sana ndani ya nyumba huwa kama kiti cha siku nyingi, mtu anakikalia bila kukitazama.

Wiki chache kabla ya siku ninayoisimulia, mafua yalimshika fundi, kifua kikachachamaa, akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaita wote wawili akawakalisha.

"Mzee, kabla hujaondoka nataka upangiwe siku ya kipimo cha moyo," alisema.

"Moyo wangu una kosa gani, daktari? Mwizi ni kifua, unamkamata jirani."

"Bado sijui kama una kosa. Ndiyo maana nataka kuupima. Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu yuko karibu zaidi na ugonjwa wa moyo kuliko mwenye mapafu mazima. Moshi ule ule na vumbi lile lile huharibu na mishipa. Na wiki kama hizi, baada ya kifua kuchachamaa, ndizo za kuangalia sana. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

Fundi alijipapasa upara. "Mimi, daktari, nilinyolewa zamani."

Wote walicheka, na daktari pia. Siku ikapangwa. Ilipofika, fundi alisema kuna seti ya makochi inasubiriwa, ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Na mkewe je, mwanamke asiyetulia, aliyekuwa tayari kumfuata muuza vitambaa mpaka mtaa wa tatu kwa kosa la kipande kifupi? Alinyamaza. Tuseme ukweli: aliogopa. Kifua walikuwa wamekizoea, walikijua kinavyoingia na kinavyotoka, kama mpangaji mkorofi aliyekaa miaka. Moyo ulikuwa habari nyingine. Baba mkwe wake aliondoka kwa moyo, amesimama jikoni, kikombe mkononi, anaulizia sukari. Mwanamke huyu alikuwepo, na fundi alikuwepo. Ndani ya nyumba yao neno hilo halikutamkwa ila kwa mambo ya mapenzi na ya huzuni, na kipimo kile kikaachwa kipite kimyakimya, kila mmoja akijifanya amesahau.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, baada ya chakula cha mchana. Fundi alikuwa anavalisha kochi la watu watatu, anavuta kitambaa kwa mkono mmoja na kupigilia pini kwa mkono wa pili. Mkewe alikuwa anashona mifuko ya mito. Mashine ya pini ilikuwa ikilia tak, tak, tak, mara ikanyamaza. Akainua kichwa. Mumewe alikuwa amesimama nyuma ya kochi, ngumi kifuani.

Akaruka, akachukua konde rafuni, akampelekea. Fundi akavuta dawa, akakaa juu ya rundo la sponji, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba imepita. Baada ya muda akarudi kazini. Tak, tak. Kimya. Ngumi tena. Konde tena.

Mwanamke alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. Alihamisha mkasi kutoka kulia kwenda kushoto, akaurudisha. Akaenda mlangoni, akaangalia barabara, hakuna alichotaka barabarani. Kuna kitu kilikuwa kinamwasha moyoni, na hakujua kikoje. Alipogeuka, ngumi ilikuwa kifuani kwa mara ya tatu, na safari hii haikushuka. Ilikuwa imekandamiza pale, imebaki.

Alimfikia na pampu mkononi, akasimama. Uso wa mumewe ulikuwa na rangi ya majivu. Shati lilikuwa limegandana na mgongo kwa jasho, na yeye alikuwa hatoki jasho hivyo hata akibeba mbao. Akasogeza sikio. Filimbi ilikuwepo, ndogo, ya asubuhi, kama ya mtu anayekunywa chai.

"Mbona hupigi filimbi?" aliuliza.

Macho ya fundi yalikuwa kwenye pampu.

"Kifua kikikubana filimbi hupanda. Leo haijapanda. Unaumwa nini?"

"Ni kifua," alisema fundi. Akanyoosha mkono achukue pampu.

Hapo ndipo mkewe alipoogopa kweli. Mtu aliyebanwa hasemi, na huyu alikuwa amesema, maneno mawili mazima bila kukata. Akaificha pampu nyuma ya mgongo wake kama anavyomnyima mtoto peremende.

"Kunauma wapi? Nionyeshe kwa kidole, si kwa ngumi."

Fundi alisita. Kisha kidole kikapita katikati ya kifua, kikapanda shingoni, kikaishia kwenye taya.

Shemeji yake, mdogo wake fundi, alikuwa dereva wa teksi, na bahati ilikuwa kwamba alikuwa amelala ndani ya gari lake palepale kivulini nje ya karakana, akisubiri jua lipoe. Walimwingiza fundi kiti cha nyuma, mkewe akakaa naye, akifuta jasho lake kwa kipande cha kitambaa cha kochi ambacho hakukumbuka kukichukua.

"Tulia, shemeji," alisema dereva, akimtazama kwenye kioo. "Ni kifua tu. Si tunakijua?"

"Wewe endesha."

"Naendesha. Nasema tu usijitie presha, mpe konde lake..."

"Nimesema endesha. Ukitamka hiyo 'tu' nyingine nitashuka niendeshe mwenyewe, na udereva sijui."

Dereva akakanyaga mafuta. Hasira ile ilimsaidia mwanamke kuficha hofu. Kila taa nyekundu aliiona kama mtu aliyemkosea kwa makusudi.

Hospitalini, shida ikawa moja: walijulikana. Muuguzi wa mapokezi, mtu mwema ambaye katika miaka hii alikuwa amemhudumia fundi mara zisizo na idadi, aliinua macho kidogo kutoka kwa mtoto aliyekuwa anamfunga bandeji, akatabasamu.

"Filimbi karudi. Pole, baba. Kiti chako kiko wazi, nakuja kukuwekea mvuke."

Kiti chake kilikuwa pale kwenye kona, karibu na mashine ya mvuke ya kufungulia kifua. Fundi akaenda mwenyewe, akaburura miguu, akakaa, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Sista," alisema mkewe, "leo si kifua."

"Ni nini, mama?"

Akalitoa lile neno lisilotamkwa nyumbani kwao. "Ni moyo. Moyo unamuuma."

Muuguzi alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilikuwa mbaya. "Pole, mama. Najua. Haya magonjwa ya muda mrefu yanachosha roho, ya mgonjwa na ya anayemuuguza. Nani kamuudhi? Kaa pale kwanza upumzike, tutaongea." Akamaliza bandeji, akaenda kwenye kona, akamwinamia fundi. "Kifua kinabana, eh, baba?"

Na fundi akaitikia kwa kichwa.

Mkewe aliona kwa macho yake. Mumewe aliulizwa swali lile lile aliloulizwa kila mwaka, akatoa jibu lile lile, kinyago cha mvuke kikavalishwa, mashine ikaanza kuguruma, muuguzi akamgeukia mwingine. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Mume wake angekufa kwenye kiti hicho akiwa anahudumiwa vizuri.

Aliambiwa akae, hakukaa. Alikwenda mpaka kwenye mashine, akarudi mpaka mezani, akaenda tena. Shemeji yake alimshika mkono, akajinasua. Kama angekuwa mtu wa kutulia, simulizi hii ingekuwa fupi na ya msiba. Alikwenda akasimama mbele ya muuguzi, kati yake na mgonjwa aliyefuata, karibu sana kiasi cha kukosa adabu.

"Sista, nisikilize. Sisemi moyo wa huzuni. Hakuna aliyemuudhi. Nasema moyo wa nyama. Ule unaodunda."

Benchi zima liligeuka. Hakujali. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka.

"Filimbi yake haijapanda, msikilize mwenyewe. Amelowa jasho. Maumivu yamepanda mpaka kwenye taya. Baba yake alikufa kwa moyo, mbele yetu. Daktari alituambia aje apimwe, hatukuja, tuliogopa. Kosa ni letu, tutagombana baadaye. Mpimeni sasa."

Muuguzi akageuza macho kuelekea kwenye kona, na safari hii hakumwona Filimbi wa siku zote, akamwona mzee wa rangi ya majivu aliyekandamiza ngumi kifuani huku mvuke ukimzunguka usoni. Alimfikia kwa hatua ndefu, akamgusa paji la uso, akashika kifundo cha mkono. Hakusema pole tena. Alimvua kinyago, akaita jina la mwenzake kwa sauti ambayo wagonjwa hawakuwahi kumsikia nayo, na kitanda cha magurudumu kikaja.

Walimbandika waya kifuani, pale pale kwenye nafasi ya ngumi. Karatasi ikatoka kwenye mashine, nyembamba, yenye milima. Daktari yule wa sauti ya chini alifika, akaisoma mara moja tu.

"Mshipa wa moyo umeziba," alisema, na hakuwa anamwambia mwanamke, alikuwa anawaambia wenzake. "Mpeni dawa ya kutafuna. Leteni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Haraka." Pazia likavutwa.

Nje ya pazia, mwanamke alihesabu vigae vya sakafu akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza. Kiguu na njia, kutoka dirishani mpaka kwenye ndoo ya taka. Shemeji yake alikuwa amekaa na mikono kichwani.

"Mimi nilisema kifua tu," alisema.

"Sote tulisema."

"Ningekuwa peke yangu naye ningemletea pampu, nikamwacha alale kidogo."

"Mimi nilimletea," alisema mwanamke. "Mara mbili. Mbio." Na hapo akalia, akiwa anatembea, bila kujifuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kile kitambaa cha kochi na wa pili ulikuwa umeshika pampu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea daktari alipotoka. Alisema mshipa umefunguka. Alisema moyo umeumia, lakini unafanya kazi, na siku mbili tatu hizi watamwangalia kwa karibu sana, hawezi kuahidi kitu. Alisema pia kwamba mapafu ya fundi yanaufanya moyo upone kwa shida zaidi, na moyo nao utayalemea mapafu, kwa hiyo kuanzia sasa ni wagonjwa wawili katika shati moja. Kisha akamgusa bega.

"Nani aliyejua kwamba si kifua?"

"Nilisikiliza tu," alisema mwanamke.

Kesho yake walimruhusu akae naye. Fundi alikuwa amelazwa nusu ameketi, waya zimemzunguka, midomo imerudiwa na rangi. Mkewe alipanga shuka ambayo ilikuwa imepangwa. Akasogeza meza. Akaangalia dripu kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza.

"Kaa, mama watoto," alisema fundi. "Unanitia kizunguzungu."

Akakaa pembeni ya kiti.

"Nataka kukuambia kitu," alisema fundi. Aliangalia juu, kwenye feni. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba si kifua. Si jana tu. Tangu niliporudi kutoka kulazwa. Nikinyanyua mbao, kinakuja. Nikipumzika, kinaondoka. Kifua changu nakijua. Hiki kilikuwa kigeni."

Mwanamke hakusogea. Kwa mara ya kwanza tangu jana miguu yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Na ngumi je?"

"Ngumi niliiweka pale palipouma. Wewe ukaja na konde. Nikaona, basi, na liwe konde. Nikisema kifua, unaleta pampu, ikipita tunaendelea na kazi. Nikisema moyo..." Alipumzika kidogo, filimbi ikapita katikati ya maneno. "Ulimwona baba. Na mimi nilimwona. Nilikuwa napiga moyo konde tu, mama watoto. Safari hii kweli."

Alisubiri mkewe acheke. Hakucheka. Alikuwa na hasira, hasira safi ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu huyu katika miaka yote ya vumbi na gundi, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na upendo mwingi.

"Ungenifia mkononi," alisema polepole, "nikikupulizia dawa ya kifua. Ungekwenda zako umepumzika, na mimi ningebaki na hiyo pampu maisha yangu yote. Ulifikiria hilo? Moyo haupigwi konde, mume wangu. Moyo unapelekwa hospitali."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Mimi ndiye niliyenyamaza siku ya kipimo ilipopita. Mimi, ninayepiga kelele kwa kipande cha kitambaa. Kwa hiyo usijione shujaa peke yako."

Fundi alifumba macho. Chozi lilimtoka likaingia sikioni, na mkewe akalifuta kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anasimulia habari za mbuzi wake.

Jioni, wahudumu walipokuwa wanapita na chai, fundi aliamka kwenye usingizi mfupi, akahema, akajiinua kidogo kwenye mto. Mkono ukanyooka kuelekea kwenye meza, pale pampu ilipokuwa.

Mkono wa mkewe ulikuwa umeshafika. Miaka mingi ilikuwa imeufundisha. Vidole viligusa pampu, vikasimama juu yake.

"Kifua au moyo?" aliuliza.

Fundi alifungua mdomo, na jibu lilikuwa pale pale, tayari, la siku zote. Alilishikilia. Akafunga mdomo. Akalala akisikiliza ndani ya mwili wake mwenyewe, macho wazi, kama mtu anayesikiliza nyumba aliyoishi miaka mingi na sasa kuna mlango uliogongwa ambao hakujua kama upo.

"Sijui," alisema.

Mkewe aliiacha pampu mezani. Alikuwa ameshafika mlangoni, anamwita Sista.